Pilipili Niliyoipika Bila Kuionja

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeotesha muwa na pilipili katika udongo mmoja, huu ukawa mtamu na ile ikawa kali, na vyote viwili akavifanya riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, ambaye hakuwahi kukitia chakula dosari: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Namshukuru Mola kwa kunifikisha umri huu nikiwa na meno machache na ulimi mzima.

Wajukuu zangu wa Buyenzi, na nyinyi wa mitaa mingine mnaokuja kwetu kula mishikaki, mnaniita Bibi wa Pilipili na wengine mnadhani ni utani. Si utani. Nilipika pilipili ya kuuza kwa zaidi ya miaka thelathini, uani kwangu, mpaka magoti yaliponiambia basi. Mwanangu wa kwanza ni Yusufu, kwa hiyo enzi zile niliitwa Mama Yusufu. Mmeniomba niandike ninachokijua, nami naandika, maana chupa nyingine mnazonunua siku hizi zina picha nzuri kuliko ladha.

Nianze na mikono, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi hulia kwanza. Kabla hujashika kisu, jipake mawese mpaka kwenye viganja na kati ya vidole. Ukimaliza kukata, usikimbilie maji. Maji huutembeza ukali tu. Jipake mafuta tena, sugua kwa jivu laini, halafu ndipo sabuni. Mimi nilijifunza haya kwa aibu. Wiki ya kwanza ya kazi nilikata pilipili beseni zima, nikanawa maji harakaharaka, nikamchukua Yusufu nimnyonyeshe. Alikuwa na miezi saba. Kilio alichotoa kilileta watu wa avenyu mbili. Mmoja alikuja na Kurani, mwingine na bakuli la maziwa, na aliyesaidia, Mungu anisamehe, ni yule wa maziwa.

Mama Rejina alinitazama, mikono kiunoni. "We mama," akasema, "unataka huyu mutoto awe simba?"

Huyo Mama Rejina ndiye mwalimu wangu. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, Mkatoliki asiyekosa misa, mjane, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yetu na kupika pilipili kwa mtindo wa kwao. Alikuwa mnene, mpole kwa watu na mkali kwa masufuria. Aliniona nikikaa bure baada ya kujifungua, akaniambia nije nimenye vitunguu saumu na kukata pilipili. Nilimenya na kukata kwa mwaka mmoja kabla hajaniruhusu kugusa mwiko.

Aliyonifundisha ni mengi. Pilipili ioshwe ikiwa nzima na kikonyo chake, kamwe isioshwe baada ya kukatwa. Ianikwe kivulini mpaka ngozi isinyae kidogo. Mawese yachemshwe peke yake kwanza, yapoe, ndipo yawashwe tena kwa moto mdogo. Vitunguu vitangulie, saumu ifuate, pilipili iwe ya mwisho, na moshi usitoke. Moshi ukitoka umeshaiunguza, na majirani watakwambia kabla pua yako haijakwambia. Chupa zichemshwe, zikauke juani mdomo ukiwa chini. Na baada ya kufunga, usiihukumu pilipili siku hiyohiyo, kwa maana mafuta huendelea kuvuta ukali. Ya leo si ya keshokutwa.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kuonja. Alichukua kipande cha ugali baridi, akakigusisha kwenye sufuria, akakiweka ulimini, akafumba macho kama anasali. "Pilipili nzuri inabisha hodi," alikuwa akisema. "Kwanza unasikia kitunguu, unasikia mafuta, halafu hodi, hodi, ndiyo inaingia. Ile inaingia bila hodi ni mwizi."

Na alipopeleka chupa kwa mteja yeyote, alifungua moja mbele yake, akadondosha tone kiganjani, akalamba, ndipo akamkabidhi. Hii mnaijua. Kwetu Bujumbura, anayekuletea kinywaji hukigusa kwanza yeye, ujue hakina kitu. Mama Rejina aliipeleka heshima hiyo mpaka kwenye pilipili.

Mniruhusu nitoke njiani kidogo niwaeleze wateja, kwa sababu mtawauzia watu wa aina hiyohiyo. Kuna mteja anayekula kimya, jasho likimtoka puani, na akimaliza anasema ahsante. Huyo mpende. Kuna anayeuliza mara tatu kama ni kali, na ukimwambia ni kali anasema kaka yake hula kali zaidi. Halafu kuna mwanamume wa kujionyesha. Tulikuwa na mmoja avenyu yetu, Mzee Sirili, fundi wa baiskeli, Mkristo mwema wa moyo lakini asiyeweza kukubali kwamba kitu fulani kimemshinda. Siku mkwe wake alipomtembelea alimimina pilipili yangu juu ya mukeke mzima, akala mpaka kichwa cha samaki, huku machozi yakimtiririka, akieleza kwamba anamkumbuka marehemu mama yake. Mkwe naye akalia kwa kumwonea huruma. Mtamkumbuka huyu mzee, kwa sababu alikuja kuniponza, ingawa kosa la kwanza lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka ya vita, ile ambayo nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Chumvi ilikuwa adimu, na chupa zilikuwa adimu zaidi. Tulitumia chupa ndogo za dawa ya kikohozi, tukazichemsha mara tatu, na bado mteja mmoja aliniuliza kama anywe kijiko asubuhi na jioni. Amri ya kutotoka usiku iliwafunga wachoma mishikaki, kwa sababu nani atakula mishikaki saa tisa alasiri? Mmoja baada ya mwingine, wateja wangu walizima majiko. Mwishoni alibaki mnunuzi mmoja tu: kantini ya kiwanda cha sabuni, kule Mtaa wa Viwanda. Kila Ijumaa nilipeleka chupa za wiki nzima. Kantini ile ndiyo iliyotulisha, mimi na watoto wangu, pamoja na Mwavita, mjane kijana niliyefanya naye kazi, mwenye wawili wake wadogo. Kantini ingetuacha, jiko letu lingezimika, na wakati ule hapakuwa na jiko jingine la kwenda kuota.

Mkuu wa kantini tulimwita Shefu. Mrefu, mwenye maneno machache, aliyevaa aproni nyeupe utadhani daktari.

Ramadhani ikatukuta hivyo. Kwa kawaida mwezi huo mimi na Mwavita tulipika mchana, na Mama Rejina alionja kwa niaba yetu. Lakini mwaka ule alikuwa amekwenda Uvira, bintiye akijifungua, na mapigano yakafunga njia nyuma yake. Hatukuwa na habari zake, ila dua.

Jambo la pili ni pilipili yenyewe. Mama aliyetuletea kutoka tambarare ya Rusizi hakuweza kupita. Nilikwenda soko kuu, lile ambalo nyinyi mmelikuta majivu, nikapata pilipili nisizozijua, fupi, nyekundu, zimekunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga. Muuzaji alisema zimetoka milimani. Nikazinunua. Nikapima kama siku zote, beseni moja kwa kiasi kilekile cha mawese.

Zilipoiva Mwavita aliinusa sufuria, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, onja kidogo, uteme."

"Apana. Mi nimefunga."

"Hata mi nimefunga. Lakini maalim alisema mupishi anaweza kugusa na ncha ya ulimi. Kama kuna haja."

"Mwavita, mi siuzi funga yangu kwa sufuria."

Mnaona maneno hayo? Mazuri, siyo? Yangefaa kuandikwa ukutani. Na baba yangu mwenyewe alikuwa maalim. Ruhusa ile nilikuwa nimeisoma kwake nikiwa binti mdogo, nikaihifadhi, nikaijibu mbele ya wenzangu. Niliijua kabisa. Lakini nilitaka kuwa zaidi ya niliyoyasoma. Mwavita alikuwa ananitazama, na mimi nilipenda anavyonitazama.

"Basi tumuite mutu asiyefunga," akasema.

Asiyefunga aliyekuwa karibu ni Mzee Sirili. Akaja akipangusa mikono yenye grisi, akafurahi sana kuitwa mbele ya wanawake kutoa hukumu. Nikampa kipande cha ugali nilichokichovya. Akakitia mdomoni chote. Akasimama. Nakumbuka alitazama paa la jirani kwa muda.

"Mzee, iko namna gani?"

"Hii?" Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo. "Hii ni ya mutoto. Hata mugonjwa anakula. Ongeza, Mama Yusufu, ongeza."

Kisha akaondoka haraka, akisema ameacha gurudumu la mtu linazunguka.

Tukaongeza. Mungu atusamehe, tukaongeza nusu beseni.

Ijumaa asubuhi nilipeleka chupa kantini. Shefu akazipokea mlangoni. Nilipaswa kufungua moja na kulamba mbele yake, kama nilivyofundishwa, lakini nilikuwa nimefunga, na yeye hakuniuliza. Nikarudi nyumbani, nikaoga, nikajitayarisha kwa swala ya Ijumaa.

Sijatoka mlangoni, kijana wa kiwanda akafika na baiskeli, anahema.

"Mama Yusufu, Shefu anakuita. Njoo mbio."

"Kuna nini?"

"Batu wanalia."

Nilimwacha Mwavita, nikakaa kwenye kerea ya baiskeli yake, nyuma. Njia nzima nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua.

Sasa muielewe kantini ile. Kulikuwa na meza ndefu kama kumi, na chupa moja ya pilipili ililetwa kwa kila meza. Wafanyakazi walitoka mitaa mbalimbali, na katika miaka ile mitaa ya jiji letu ilikuwa imegawanyika. Hawa hawakulala kule na wale hawakupita huku. Walikaa meza moja kwa sababu kiwanda kilikuwa kimoja. Chupa ilipitishwa mkono kwa mkono, pengine na watu wasiosalimiana. Na katika jiji la namna ile, neno baya kuliko yote kutamkwa mezani ni sumu.

Nilipoingia nililisikia.

Watu wengine walikuwa wameinama, wameshika vinywa. Wengine walikuwa wanakunywa maji, jambo ambalo ni kosa, na niliwaambia, lakini hakuna aliyenisikiliza. Kijana mmoja alikuwa amelala kwenye benchi, ameshika tumbo. Maharage yalikuwa yamebaki kwenye sahani. Nao wote, macho mekundu, walikuwa wananitazama.

Shefu alikuwa amesimama katikati, chupa mkononi. "Mama Yusufu, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Onja mbele yetu."

Nikasema nilichokuwa nimezoea kusema mwezi huo. "Shefu, mi nimefunga."

Mtu wa meza ya nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Anakatala kuonja." Mwingine: "Kwa nini anakatala? Ameweka nini mu chupa?" Benchi moja likasukumwa. Mtu akasimama, na mwingine, na mlango nyuma yangu ukafungwa. Sijui nani aliufunga.

Wajukuu zangu, nimesema nitawaandikia kazi, na hii ndiyo kazi. Nikamkumbuka baba, na kile alichonifundisha, na nikafanya kile ambacho nilipaswa kukifanya siku ile uani: nikachukua tone kiganjani, nikaligusa kwa ncha ya ulimi, nikageuka pembeni, nikatema.

"Ametema!" wakapiga kelele. "Mumeona? Ametema!"

Ruhusa niliyoikataa ilipokuwa rehema, sasa haikunifaa kitu.

Shefu alinitazama. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa unaniomba nifanye jambo, haraka. Nikachukua kijiko kutoka meza ya karibu. Nikasema moyoni, Mola wangu, siku hii nitakulipa, nikinge na shari ya leo. Nikamimina kijiko kikajaa, nikasema Bismillahi kwa sauti, nikameza.

Hodi haikubishwa.

Nimepika pilipili maisha yangu yote na nimekula ya kila namna, lakini ile ilinishika koo, ikanishika masikio, ikapanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Nilitaka kusimama kwa heshima. Badala yake nilipiga chafya tano mfululizo, mtandio ukaanguka, nikashika aproni ya Shefu kwa mikono miwili na kujifutia machozi na pua humo. Nikawa natoa mlio ambao Mwavita angeufahamu, maana ni ule wa birika likichemka.

Mtu akacheka. Mmoja tu kwanza, mzee wa mashine, bado mwenyewe midomo imevimba. Akasema, "Hii si sumu. Mutu wa sumu hawezi kulia hivi. Mupeni mama ndizi." Ndizi mbivu ikapita kutoka meza ya mwisho, mkono kwa mkono, mpaka kwangu. Yule aliyelala kwenye benchi akainuka kutazama, na akapewa ya kwake.

Sitawadanganya kwamba siku ile watu wa mitaa ile walipatana. Jioni kila mmoja alirudi kwao kwa njia yake. Lakini mlango ulifunguliwa.

Nilipopata sauti niliwaambia ukweli wote. "Kosa ni langu. Sikuionja. Dini iliniruhusu kugusa, na mi nikajifanya mukubwa kuliko dini. Pilipili zenyewe sikuzijua, na nikaziongeza." Sikumtaja Mzee Sirili. Kosa lake lilikuwa dogo, na mwenyewe alikuwa na mkwe wa kumwonea haya.

Shefu akaitazama aproni yake. "Mama, nikikuacha, nani ataniletea?"

"Wapo."

"Wapo wanaoonja?"

Akaanza kunikusanyia chupa mezani.

"Chukua hizi, zitengeneze upya. Jumatatu. Na kuanzia leo, hakuna chupa itakayopita mulango huu kabla sijakuona na ulimi nje. Ramadhani au Krismasi."

"Ramadhani nitagusa na kutema, Shefu."

"Gusa na uteme. Nikijua sababu, sina neno."

Sasa sikilizeni jinsi ya kuiokoa pilipili iliyozidi, kwa sababu itawapata. Usiongeze maji, itachacha. Usiongeze sukari, utapata jamu inayouma. Chemsha karoti na papai bichi mpaka vilainike, viponde kabisa, vikaange kwa vitunguu vingi na mawese mapya, halafu ndipo uimimine ile kali kidogokidogo, ukionja kila mara. Mimi na Mwavita tulifanya hivyo Jumamosi na Jumapili, baada ya magharibi, madirisha yamefungwa, tukionja kwa raha zetu. Kila chupa moja ikazaa tatu. Jumatatu wafanyakazi waliila kwa uangalifu kama watu wanaovuka mto, na kufika Jumatano walikuwa wanaulizia ile ya papai. Niliendelea kuipika hivyo mpaka nilipostaafu. Pilipili zile za milimani nilizitumia pia, robo beseni badala ya zima, na ni nzuri sana ukijua adabu yake. Kantini haikutuacha miaka yote ya vita.

Mnaotumia mashine ya kusaga, sina ugomvi nanyi. Inasaga vizuri, inaokoa macho. Ila mashine haina ulimi.

Sikukuu ilipopita nikapanga siku ya kulipa funga yangu. Nilikuwa sijalala vizuri juu ya jambo lile. Maalim wa mtaa wetu, nilipomweleza, aliniambia hofu ile ilikuwa udhuru na nilipe siku moja kwa siku moja, kisha akaniuliza kama nina chupa ya papai imebaki. Wiki hiyohiyo njia ya Uvira ikafunguliwa, na Mama Rejina akaingia uani kwetu amekonda, begi kichwani, mjukuu mpya amemwacha salama. Tulilia sana, bila pilipili. Nilipomsimulia kisa cha kantini, alicheka mpaka akakaa chini, hasa pale pa aproni.

Kesho yake nikafunga. Kulikuwa na sufuria ya kupika, tukaipika pamoja, yeye, mimi na Mwavita. Mchana nilimwekea chakula. Hakukigusa.

"Kula, Mama Rejina. Wewe hufungi."

"Mi sifungi," akasema. "Mi sina njaa tu."

Alikaa hivyo na njaa isiyokuwepo mpaka jua likazama. Alasiri sufuria ilipoiva, Mwavita akamnyooshea kipande cha ugali aonje, kama zamani. Mama Rejina akaninyooshea mimi.

Nikakichovya kile kipande, nikakigusa kwa ncha ya kidole, kidole kwa ncha ya ulimi. Nikageuka, nikatema, nikasukutua. Wote wawili walikuwa wanangoja.

"Imepungua chumvi," nikasema.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe uliyesoma mpaka hapa. Akupe riziki ya halali na watu wa kula nawe, akulinde na sumu ya kweli na ya kusingiziwa, aifanye mikono yako iwe na baraka na ulimi wako uwe na adabu, na akikupa ukali wowote katika maisha, aubishishe hodi kwanza. Amina.